Neno Moja Chini ya Jina la Baba

Kasanga,
4 Machi 2025

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Siku tulipoanua matanga ya baba ulitangaza mbele ya majirani wote wa Pito kwamba hutaki tena kupigiwa simu na mtu anayelia, na kwamba nikiwa na neno niliandike, nilisome, nilisahihishe, ndipo nilitume. Basi hii ndiyo barua, nimeiandika mara mbili. Anayeileta ni Meshack, dereva wa basi la asubuhi. Majibu mpe yeye huyohuyo, anashinda stendi mpaka saa saba.

Huku tupo. Dagaa wamekuwa wa shida wiki hii kwa sababu ya upepo, mguu wangu unaniuma nikisimama sana mwaloni tunakoanika, na mwanangu Faith tumbo limekuwa kubwa, anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Mei.

Nimesikia Misa ya kusimika msalaba wa baba ni Jumamosi tarehe 3 Mei, na fundi Christopha ameshaanza kusuka nondo. Tarehe sina ugomvi nayo. Naomba jambo moja. Chini ya jina lake, juu ya miaka yake, liandikwe neno moja tu: SOLDIER. Nimelichagua kwa Kiingereza makusudi ili likupendeze wewe uliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Likikuudhi, andika ASKARI, kwangu ni sawasawa. Baba alikwenda vita vya Kagera na akarudi, na hilo kila mtu Pito analijua.

Sijakuomba kitu tangu mama afariki. Naomba hiki.

Mdogo wako,
Bertilla


Sumbawanga,
11 Machi 2025

Bertilla,

Marahaba. Barua yako ina makosa machache kuliko nilivyotarajia.

Unataka tuchonge neno la Kiingereza kwenye kaburi la mzee aliyejua maneno mawili tu ya Kiingereza, na mojawapo lilikuwa jina la mbegu ya mahindi. Sawa. Lakini kwa kuwa umelileta kwangu, na kwa kuwa nimelifundisha kwa watoto wa watu tangu hujaolewa, kaa kitako nikufundishe na wewe.

Hilo neno Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye jina la sarafu ya dhahabu ya Warumi, solidus. Maana yake ya asili siyo shujaa wala mtetezi wa nchi. Maana yake ni mtu anayelipwa ili apigane. Mshahara kwanza, ushujaa baadaye, kama upo. Na usije ukaniletea ile hadithi ya askari wa Kirumi kulipwa chumvi. Chumvi ni neno jingine, wanaolichanganya na hili ni watu wa kusoma vichwa vya habari.

Tena wenyewe Waingereza hawaliheshimu kama unavyofikiri. Vipande vyembamba vya mkate wanavyochovya kwenye kiini cha yai asubuhi wanaviita soldiers. Tofali likisimamishwa wima ukutani, fundi wao analiita soldier. Siafu mwenye kichwa kikubwa, soldier. Chupa iliyokwisha pombe, eti ni soldier aliyekufa. Na kuna maana moja ambayo ingemfaa baba kuliko zote. Mabaharia wao wa zamani walikuwa wakisafiri na soldiers melini, watu wasiogusa kamba wala tanga, basi wakalifanya neno lile kuwa tusi la mtu anayejifanya yuko kazini kumbe anakula upepo tu.

Unayakumbuka matuta ya baba pale bondeni? Pito nzima inalima kwa plau, yeye kila mvua zikielekea kwisha anafyeka nyasi, anazifukia, anapandisha ntumba, matuta ya mviringo yanayofika kiunoni, kazi ya mababu zetu ya mgongo na jasho. Wenzake waliobaki na kilimo hicho wanapanda maharage juu. Yeye hapandi hata punje. Mstari mzima wa matuta matupu, mwaka hadi mwaka, watu wanapita njiani wanacheka, na mimi nilicheka nao. Sasa niambie, mtu huyo ni soldier wa maana ipi?

Baba alikuwa mgambo. Alichukuliwa mwaka 1978 na akarudishwa 1979. Hakufyatua risasi hata moja. Unasema Pito nzima inajua alikwenda, ila hujui Pito inajua nini kingine, maana ulikuwa mtoto wa miaka tisa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimetamba shule nzima: baba yangu ni soldier, baba yangu ni soldier. Kisha Clemens, jirani yetu huyuhuyu mnayemwamkia, ambaye walikuwa naye kule, akasema kilabuni mbele ya watu kwamba Tadei kazi yake vitani ilikuwa kushika chepe. Kesho yake nilikuwa Mtoto wa Chepe. Nimemaliza shule ya msingi nikiitwa hivyo, na kuna mwenzangu mmoja bado ananiita hivyo sokoni mpaka leo, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani.

Msalabani litakaa jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Fundi nimeshampa maelekezo.

Mwl. Gaudensi Tadei (Mstaafu)


Kasanga,
19 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo, ya lazima.

Nimesoma somo lako mpaka mwisho. Nimeelewa kwamba kipande cha mkate kinastahili neno hilo, tofali linastahili, siafu anastahili, chupa ya mlevi inastahili, ila baba yako mzazi hastahili. Ahsante, mwalimu.

Na hilo la mshahara. Ulipopata Kipaimara tulikaa mistari ya mbele na mama, ukapakwa mafuta, tukaambiwa Gaudensi sasa ni askari wa Kristo. Ulilipwa shilingi ngapi? Au na wewe tukufute?

Nilikuficha jambo kwenye barua ya kwanza. Nilitaka ulitoe neno lile bure, kwa mapenzi, bila kuelezwa. Nilikosea kukutegemea. Haya, nakueleza.

Mwezi wa kwanza alikuja hapa mwaloni mama mmoja mwenye mvi, akasimama mbele ya turubai langu la dagaa, akaniuliza kama mimi ni mtoto wa Tadei wa Pito. Nikasema ndimi, ila baba amefariki tangu Machi ya mwaka jana. Akakaa chini palepale kwenye mchanga akalia. Anaitwa Hilaria. Anakaa kijiji cha huku ziwani, mwendo wa saa moja kwa boti ya injini. Kaka yake, Loth, alikuwa mvuvi, akachukuliwa mgambo siku ileile aliyochukuliwa baba. Loth hakurudi.

Chepe unalolionea aibu ndilo lililomzika Loth. Baba alizika watu kumi na mmoja, wote wa mkoa wetu, wengine wa ziwani, wengine wa huko juu kwenu, wavulana ambao alikuwa amelala nao hema moja. Aliwazika kando ya mto, haraka haraka, bila sanduku, bila padri, akisema sala alizozikumbuka. Aliporudi alishuka mpaka huku kwa miguu kumtafuta Hilaria, akamweleza ndugu yake alivyolala. Hilaria akamwomba ampeleke kaburini. Baba akamwambia hata yeye hawezi kupaona tena, maana walihamishwa siku ileile. Akamwambia, lakini njoo Pito.

Umeelewa sasa matuta ni nini? Kila mmoja alikuwa na tuta lake. Tuta la udongo linashuka kila mwaka, ndiyo maana kila mwaka aliyapandisha. Na hakupanda kitu kwa sababu, aliwahi kumwambia Hilaria, huwezi kupika maharage yaliyoota juu ya mtu. Hilaria amekuwa akija Pito kila baada ya miaka miwili mitatu. Anasimama kwenye tuta la Loth, anammwagia maji ya ziwa aliyokuja nayo kwenye chupa, anarudi zake.

Amesema tarehe 3 Mei atakuja kwenye Misa, na baada ya Misa ataomba apelekwe bondeni. Ana miaka sabini na tatu na anasema huenda ni mara yake ya mwisho. Nakuomba uyafyeke yale matuta magugu na uyainue kidogo, maana baba alikuwa hoi msimu wake wa mwisho na najua hakuyagusa. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa kibarua mmoja.

Na neno langu msalabani bado nalitaka.

Bertilla


Sumbawanga,
26 Machi 2025

Bertilla,

Huyo Hilaria wako namfahamu. Mwaka 1994 nilikuja Pito likizo nikamkuta anatoka bondeni na baba, kanga imelowa, macho mekundu, baba amembebea mkoba. Baba, ambaye hata mama hakuwahi kumbebea ndoo. Nilijua palepale ni mwanamke wa namna gani, na nikanyamaza kwa heshima ya mama. Nimenyamaza miaka thelathini na mmoja. Leo unaniletea barua kwamba hawara wa baba aketi mstari wa mbele kwenye Misa yake.

Hadithi ya makaburi ni nzuri, hilo nakubali. Mzee aliye na mtu ziwani anahitaji sababu ya kumleta shambani, na marehemu ndiyo sababu ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuihoji. Ila ina tundu. Kama kweli baba alizika watu kumi na mmoja, mbona hakuniambia mimi? Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Mimi ndiye niliyesoma. Amwambie mwanamke wa kwenye mitumbwi, aache kumwambia mwanawe? Sikiliza unachokisema.

Mwambie asijisumbue. Mvua huku bado kubwa, njia ya bondeni ni matope matupu, mtu wa umri wake atavunjika nyonga. Na matuta ni matuta. Hayana cha kutazamwa.

Kuhusu Misa mambo yanakwenda vizuri. Kwaya imekubali. Ulezi wa pombe umeshanunuliwa, uko kwa shangazi Getruda, hapo pia sihitaji ushauri.

Mwl. Gaudensi Tadei (Mstaafu)


Kasanga,
3 Aprili 2025

Gaudensi,

Leo sikuamkii.

Barua yako niliirudia mara tatu nikijiuliza kwa nini mtu anayejua kutukana wazi ameanza ghafla kuhurumia nyonga za watu. Nikampigia Justa, yule jirani wa pale kwenye kisima. Nikamwuliza tu, matuta ya baba yanaonekanaje mvua hizi? Akacheka. Akasema, dada, matuta gani, si mwalimu alileta plau Novemba akasawazisha mpaka mtoni? Pale sasa ni mahindi, tena yamestawi hasa.

Yamestawi hasa!

Umeniandikia matope. Umeniandikia nyonga. Umemwita mama wa watu hawara ili usilazimike kuandika mstari mmoja: nimeyalima. Miaka thelathini na minne ukichapa watoto kwa kusema uongo.

Sasa sikiliza kuhusu huyo hawara. Akifika Pito, mama ndiye aliyekuwa akimpikia ugali wa ulezi na maharage, na mama ndiye aliyemtandikia kitanda chako wewe, ulichoacha ulipokwenda chuo. Ile kanga unayoikumbuka ilikuwa ya mama. Alimpa ajifutie. Kwa nini mama alijua na wewe hukujua? Kwa sababu mama hakuwa anacheka. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba watu walikuwa wakipita njiani wanacheka na wewe ukacheka nao. Baba alikuwa na masikio, kaka. Mtu hamwonyeshi wafu wake mtu anayecheka.

Hilaria sijamwambia. Sitamwambia. Utamwambia wewe kwa mdomo wako, tarehe 3 Mei, ukiwa umesimama katikati ya mahindi yako, na useme kwa Kiswahili chepesi.

Meshack anakuletea kitu kingine. Tulipogawana vitu vya baba ulichukua redio na baiskeli, na kitabu chake cha sala ukanisukumia kwa mguu, eti kimeliwa na mende. Fungua kwenye sala za marehemu. Kuna karatasi imekunjwa mara nne. Niliikuta mwaka jana nikadhani ni mwandiko wa padri mmoja wa zamani, kwa jinsi ulivyonyooka. Jumapili nimeiweka pembeni ya barua zako mbili.

Mimi darasa la saba tu. Msomi ni wewe, isome.

Bertilla


Sumbawanga,
10 Aprili 2025

Bertilla,

Kitabu kimefika. Karatasi nimeisoma.

Naomba umwulize mama Hilaria tuta la Loth lilikuwa la ngapi, na alikuwa akihesabu kuanzia wapi.

Usimwambie kwa nini unauliza.

Gaudensi


Kasanga,
15 Aprili 2025

Kaka,

La nne, kuhesabu kutoka mtoni. Mengine hajui ni ya nani. Anasema baba alikuwa akipita kwenye kila moja akitaja jina, lakini yeye masikio yake yalikuwa kwa Loth tu.

Ameuliza kwa nini nataka kujua. Nimesema uongo, Mungu anisamehe, wiki takatifu hii. Uongo ni wako, mimi nimekubebea tu.

Mimi sitafika tarehe 3. Faith miguu imevimba na muuguzi amesema tusiondoke karibu naye. Hilaria atapanda basi la Meshack peke yake Ijumaa. Umpokee stendi mwenyewe. Usimtume mtu.

Nasikia kutoka kwa Justa unafyeka mahindi yangali mabichi. Sikupi pole. Ila mikono ya chaki ifunge kitambaa.

Bertilla


Sumbawanga,
6 Mei 2025

Mdogo wangu Bertilla,

Habari za kuzaliwa kwa mtoto zimefika kupitia Meshack. Mpe Faith hongera, mwambie mjomba wake atakuja kumwona mtoto mikono ikipona.

Nilidhani nitakuandikia mengi na kwa mpangilio. Nimeshindwa mpangilio, nikuandikie hivyohivyo.

Ile karatasi ni mwandiko wangu. Uliujua, ndiyo maana ukanitumia. Ni karatasi ya daftari la shule, ya Novemba 1979, kabla Clemens hajafungua mdomo wake kilabuni. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, akaniambia lete kalamu uniandikie majina ya kupeleka kanisani siku ya marehemu wote. Nilifurahi mno kutumwa. Juu kabisa, bila kuambiwa, nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nikakipigia mistari miwili kwa rula: SOLDIERS. Neno lako. Mimi ndiye niliyelileta nyumbani kwetu, nikiwa na miaka kumi na minne.

Kisha, kabla hajaanza kutaja, nikaandika namba moja: Tadei. Akaniuliza, huyo ni nani uliyemwandika? Nikasema ni wewe baba. Hakukasirika. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akapiga mstari juu ya jina lake, polepole kwa vile hakuzoea kalamu, akanirudishia. Akasema, "Mimi nilirudi." Akaanza kutaja wengine, nami nikaandika kuanzia namba mbili hadi kumi na mbili.

Wiki mbili baadaye nikawa Mtoto wa Chepe. Basi nikajiambia, ndiyo maana alijikata, alijua mwenyewe hakuwa lolote. Nikaitoa karatasi ile kichwani mwangu kabisa. Hata ulipotaja watu kumi na mmoja sikukumbuka kwamba niliwahi kuyaandika majina yao. Nilikuuliza mbona hakuniambia. Mimi nilikuwa wa kwanza kuambiwa, Bertilla. Mjinga wa kiwango hiki sikuwahi kumfundisha darasani, na nimefundisha wajinga wengi.

Nilifyeka mahindi yote ya pale, mabua na vigunzi vichanga, nikayabeba kwenda kwa ng'ombe wa Justa. Clemens alisimama njiani akacheka, akasema mwalimu amerithi wazimu wa mzee, anaondoa chakula apandishe matuta matupu. Nilimwambia apite. Kisha nikaona hapiti, anatazama tu, na alipohesabu matuta yamefika saba akaondoka bila salamu. Nadhani naye anawajua. Aliwaona wakizikwa, akaenda kilabuni akasimulia chepe.

Sikuchukua kibarua. Imenichukua siku kumi na mbili, ukitoa Pasaka. Fyeka nyasi, panga duara, geuza udongo juu, shindilia, ongeza. Siku ya pili malengelenge yalipasuka. Siku ya nne nilikaa chini nikamtukana baba kwa sauti, kwamba miaka arobaini na mitano ulikuwa ukifanya kazi hii na mimi nakuita mvivu, na hukunipiga hata kofi.

Niliyapanga kwa kufuata karatasi, kuanzia mtoni. Loth kwenye karatasi ni namba tano. Wewe uliniambia shambani ni la nne. Nilisimama na jembe nikiwaza nani kakosea. Kisha nikaelewa kwamba hakuna aliyekosea. Tofauti kati ya tano na nne ni baba, yule namba moja aliyejifuta. Alikuwa akiifuata ileile orodha yangu miaka yote.

Msalabani neno lako sikuliweka. Siyo kwa ubishi wangu wa kwanza, ule nimeuacha. Alilikataa mwenyewe, kwa kalamu, mbele yangu, na sina mamlaka ya kumrudishia. Nimeandika jina lake na miaka yake, na chini yake majina kumi na moja, moja baada ya jingine, bila cheo chochote. Fundi Christopha alilalamika kwamba msalaba ni wa mtu mmoja, herufi zimekuwa ndogo, na kwamba watu watadhani ni ajali ya basi. Nimemwambia wadhani watakavyo. Padri aliyasoma yote wakati wa kubariki, na pale nyuma mama mmoja nisiyemjua alipiga yowe kwenye jina la saba. Tutamtafuta.

Sasa mama Hilaria. Nilimpokea stendi mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia akitazama pembeni. Nadhani alikuwa akijua siku zote nilivyokuwa nikimfikiria. Baada ya Misa, watu walipoingia kwenye pombe na pilau, nilimshika mkono tukashuka bondeni. Pale kabla ya kona, mahali ambapo matuta hayaonekani bado, nilisimama nikamwambia. Nilisema: mama, mimi niliyalima yale matuta kwa plau mwezi wa kumi na moja, nikapanda mahindi juu yao, na haya utakayoyaona ni mapya, ya mikono yangu. Kwa Kiswahili chepesi, kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kuomba msamaha, mengi, yamepangika. Hakuyasubiri. Alinipita.

Alihesabu kwa kidole kutoka mtoni mpaka la nne. Akafungua chupa, akammwagia ndugu yake maji ya ziwa, akazungumza naye Kifipa cha huko kwao nisichokisikia vizuri. Mimi nilisimama mbali nikiwa nimevua kofia, sijui hata kwa nini nilivua.

Alipomaliza akainama, akapenyeza mkono ubavuni mwa tuta mpaka kwenye kiwiko, akapapasa ndani, akautoa na kiganja cha nyasi. Akazitazama. Akanitazama na mimi juu mpaka chini, jinsi ninavyowatazama watu mimi, Bertilla, nikajua kumbe ndivyo inavyouma.

Akasema, "Baba yako alikuwa anaweka nyasi mara mbili ya hizi. Hili halimalizi masika. Mwakani ongeza."

Kaka yako,
Gaudensi